Filta za bei nafuu za injini na za kabini: zipi ununue, zipi urudishe

Tuanze na hukumu. Kwa injini, filta ya hewa nafuu iliyo nzuri ni ile inayotoka kwa kampuni ambayo kazi yake ni kutengeneza filta, hata kama boksi lake halina nembo ya gari lako. Inalinda injini sawa na jenuini kwa bei ya chini, na hakuna sababu ya kiufundi ya kuikwepa. Kwa kabini, yaani filta inayochuja hewa ya AC wanayovuta abiria, unaweza kushuka ngazi moja zaidi, mradi umbo lake likae sawasawa. Zile za injini zisizo na jina, zinazouzwa kwa bei inayokaribia bure, nyingi hazifai, na mara nyingi kinachoziangusha ni ukingo wake kuliko karatasi yake.

Mnunuzi akiwekewa filta mbili mezani, huangalia weupe wa karatasi na unene wa mikunjo. Karatasi ni muhimu, lakini ni kitu ambacho viwanda vingi vimeshakimudu: nyuzi za selulosi zilizoloweshwa gundi maalumu ili zisilegee kwa unyevu. Filta iliyotengenezwa vizuri, ikipimwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 5011, hukamata zaidi ya asilimia 99 ya uzito wa vumbi la majaribio. Karatasi ya bei ya chini huwa na matundu makubwa kidogo na mikunjo michache, kwa hiyo hupitisha vumbi jembamba zaidi na hujaa mapema. Hilo ni hasara, ila ni hasara ya polepole. Ukingo wa mpira ukiwa mfupi kwa milimita 1 au 2, au ukiwa mgumu kiasi cha kutobonyea, hewa hupita pembeni bila kuchujwa hata chembe. Hapo karatasi bora kuliko zote duniani haisaidii kitu.

Ili uone uzito wa jambo hili, piga hesabu ya hewa yenyewe. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Lita 1 ya petroli ina uzito wa takribani kilo 0.75, kwa hiyo inahitaji kilo 11 za hewa, ambazo ni karibu lita 9,000. Tangi la lita 40 likiisha, injini imeshavuta takribani lita 360,000 za hewa kupitia kile kipande cha karatasi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinazoumiza zaidi ni zile za kuanzia mikroni chache hadi kama 20, kwa sababu zinaingia katikati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda, mahali ambapo utando wa oili ni mwembamba kiasi hichohicho, zikasaga pande zote mbili. Matokeo hayaonekani wiki ile wala mwezi ule. Huja baadaye: gari linaanza kula oili, moshi wa buluu asubuhi, nguvu inapungua, na hakuna anayekumbuka filta iliyofungwa miaka miwili nyuma. Kwenye gari lenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, mambo ni mabaya zaidi, maana vumbi hugonga kwanza mapanga ya turbo yanayozunguka kwa kasi kubwa mno.

Ngazi za bidhaa

Jenuini, yaani iliyo kwenye boksi la kampuni ya gari, ni chaguo salama na ghali. Unacholipia hapo zaidi ni uhakika kwamba vipimo ni vilevile vya filta iliyokuja na gari. Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi filta zenyewe. Huagiza kwa wataalamu wa filta na kuweka nembo zao. Ndiyo maana ngazi ya pili ndiyo tunayoisifu kuliko zote: Mann-Filter, Mahle (ambayo baadhi ya bidhaa zake huuzwa kwa jina la Knecht), Hengst, Denso, Bosch, Wix, Purolator, Fram, na Sakura ambayo hutengenezwa Indonesia ingawa jina lake ni la Kijapani. Si zote zinalingana kwa kila kitu. Kwa magari ya Ulaya, Mann-Filter, Mahle na Hengst ndizo zinazokaa bila kulazimishwa, maana wao ni wauzaji wa siku nyingi wa viwanda vya huko. Kwa magari ya Kijapani, Denso na Sakura zina orodha pana, na ukingo wao hulingana na maboksi ya filta yaliyomo ndani ya magari hayo.

Ngazi ya tatu ni ya majina ya wauzaji: duka kubwa la spea au tovuti inaagiza filta kiwandani na kuzipa jina lake. Hapa ubora hutegemea nani ametengeneza, na jina hilohilo linaweza kubadilisha kiwanda kutoka shehena moja hadi nyingine. Usizikatae moja kwa moja, lakini kila moja ipitie ukaguzi ulioelezwa hapa chini kabla ya kuingia kwenye gari. Ya mwisho ni isiyo na jina kabisa, imefungwa kwa nailoni, haina namba popote. Kwa injini, iache.

Kuna pia filta za kufua, za pamba iliyopakwa oili, ambazo K&N ndiyo maarufu zaidi. Husifiwa kuwa ni akiba ya muda mrefu kwa sababu hazitupwi. Hesabu hiyo haitimii kwa gari la kawaida. Bei yake ya mwanzo hulingana na ya filta kadhaa za karatasi, unahitaji dawa yake ya kusafishia na oili yake, na baada ya kufua lazima ikauke kabisa kivulini kabla ya kupakwa oili tena. Oili ikizidi, hubebwa na hewa na kutua kwenye waya wa moto wa sensa inayopima hewa inayoingia, sensa ikaanza kudanganya kompyuta ya injini. Oili ikipungua, vumbi linapita. Kwa anayetafuta unafuu na utulivu, karatasi inashinda.

Namba kabla ya jina la gari

Makosa mengi ya ununuzi, hasa mtandaoni, huanzia kwa mtu kuandika jina la gari na mwaka kisha kuchukua picha ya kwanza inayofanana na filta yake. Modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na injini tatu, na kila moja na boksi lake la filta. Anza na namba ya spea. Njia ya uhakika ni kutoa filta ya zamani na kusoma namba iliyochapwa kwenye ukingo au fremu yake, ukitahadhari kwamba aliyeifunga kabla yako naye anaweza kuwa alikosea. Ukiweza, ilinganishe na katalogi kwa kutumia namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi ya chasisi badala ya ile ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo katalogi za Ulaya na Marekani huyakataa. Kwa hayo tafuta katalogi ya soko la Japani.

Mwanzo wa namba huonyesha uko kwenye spea sahihi. Toyota hutumia 17801 kwa filta ya hewa ya injini na 87139 kwa ya kabini, Nissan hutumia 16546 kwa ya injini, na Honda 17220. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari, kwa hiyo zote lazima zilingane, si za mwanzo tu. Ukishaipata namba ya jenuini, itafute katika orodha za mbadala za kampuni za filta. Mann-Filter huanzisha za injini kwa C, za kabini za kawaida kwa CU, za kabini zenye mkaa kwa CUK, na zile zenye utando wa kuzuia vizio (vitu vinavyoleta mzio) na ukungu kwa FP. Kwa Mahle, LX ni za injini, LA ni za kabini, na LAK ni za kabini zenye mkaa. Ukijua hilo, muuzaji hawezi kukuuzia CU kwa bei ya CUK.

Soma pia vipimo vilivyoandikwa: urefu, upana, kimo. Chukua rula, pima filta ya zamani, na usikubali tofauti inayozidi milimita 2 upande wowote kwa ya injini. Seti zinazouza ya injini na ya kabini pamoja huwa na bei nzuri, ila kila filta ndani ya seti ina namba yake, na mara kwa mara moja ni sahihi na nyingine ni ya modeli jirani. Halafu kuna magari ambayo filta yake ya kabini ni ya vipande viwili. Ukinunua kimoja, utakuwa umechuja nusu ya hewa.

Ukaguzi filta ikiwa mkononi

Fanya haya kabla ya kuchana lebo, ili uweze kuirudisha.

Kwanza, namba ya kwenye boksi ifanane na namba iliyochapwa kwenye filta yenyewe. Filta bandia mara nyingi ina boksi zuri na mwili usio na maandishi, au maandishi yaliyofifia yanayofutika kwa kidole. Bei iliyo chini sana ya kawaida kwa kitu kinachoitwa jenuini ni dalili tosha ya kuuliza maswali.

Pili, bonyeza mpira wa ukingo kwa kidole gumba kisha uachie. Mzuri ni laini, unarudi haraka, na hauachi shimo. Mgumu kama plastiki hautaziba, na ule unaobaki umebonyea utaziba wiki ya kwanza tu. Zungusha kidole ukingo mzima: tafuta mapovu, mahali pembamba, na kona ambako mpira umeungana vibaya. Kona ndizo hushindwa kwanza.

Tatu, washa tochi nyuma ya karatasi chumbani penye giza. Mwanga kupenya kwa ulaini ni kawaida. Nukta kali ya mwanga ni tundu. Angalia hasa pale mikunjo inapokutana na fremu, maana gundi iliyoruka hapo haionekani kwa macho matupu.

Nne, hesabu mikunjo ulinganishe na ya zamani. Ikiwa ya zamani ina 60 na mpya ina 42, eneo la kuchuja limepungua kwa karibu theluthi moja, ukichukulia kimo cha mikunjo ni kilekile, na filta hiyo itajaa mapema hata ukiwa umeinunua kwa nusu ya bei. Mikunjo iwe sambamba na yenye nafasi sawa. Iliyolaliana itafungwa na vumbi upande mmoja.

Jambo moja linalowachanganya wengi: baadhi ya filta za magari ya Kijapani huloweshwa mafuta mepesi kiwandani. Zikiwa mpya zinaonekana na unyevunyevu au rangi isiyosawazika, na mtu hudhani ameuziwa iliyotumika. Hiyo ni namna yake. Kwa aina hii kuna sheria moja isiyo na msamaha: haipulizwi wala haifuliwi, hutupwa.

Kuifunga ya injini

Kazi ni ya dakika 10, lakini ndipo filta nzuri huharibiwa. Zima injini na uiache ipoe. Fungua klipu za boksi, ambazo huwa kati ya 2 na 6, au skrubu. Magari mengi ya Ulaya hutumia skrubu za nyota za T20 au T25, na bisibisi ya kawaida huzikwangua vichwa. Kifuniko kikigoma kwa sababu ya bomba la hewa, chomoa kwanza soketi ya sensa badala ya kuvuta waya. Inua filta ikiwa imelala, bila kuiinamisha, ili uchafu usimwagike upande ulio safi. Ule upande unaokwenda kwenye injini, uzibe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Sasa safisha boksi. Hatua hii mafundi wengi huiruka, na ni kosa. Nyonya majani, wadudu na mchanga kwa mashine ya kunyonya vumbi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipulize kwa kompresa, maana utalirusha vumbi kule unakokulinda. Angalia tundu la kutolea maji chini ya boksi. Likiziba, maji ya mvua hubaki ndani, karatasi hulowa na kuvimba.

Kabla ya kuweka mpya, futa upande wa injini kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi la kahawia, filta iliyotangulia ilikuwa inavuja, na kabla ya kuilaumu angalia kama boksi limepinda au lina ufa, maana mpya nayo itavuja vilevile.

Laza filta mpya, mpira wote uingie kwenye mfereji wake. Ingiza kwanza vijino vya nyuma vya kifuniko, halafu shusha mbele, kisha funga klipu. Zifunge kwa kidole bila nguvu nyingi. Ukihitaji kusukuma kwa kiganja au kugonga, fungua tena: ama mpira umepanda juu ya ukingo, ama filta ni nene kuliko inayotakiwa. Kifuniko kilichofungwa kwa nguvu huvunja klipu, na boksi lenye klipu iliyovunjika halizibi tena vizuri hata kwa filta ya jenuini. Rudisha soketi ya sensa, kaza kola za bomba, washa injini na usikilize. Mluzi ni hewa inayopenya mahali.

Taa ya injini ikiwaka baada ya kazi hii, usikimbilie kulaumu filta. Kodi ya hitilafu P0102 au P0113, inayosomwa kwa mashine ya fundi, mara nyingi humaanisha soketi ya sensa haikurudishwa. P0171 inaweza kuwa bomba lililolegea baada ya sensa, ambapo hewa isiyopimwa inaingia kwenye injini na mchanganyiko unapungukiwa mafuta.

Ya kabini ina vigezo vingine

Hapa kinacholindwa ni mapafu yako na feni ya AC. Filta ikivuja kidogo pembeni, injini haifi. Ndiyo maana tunaruhusu bidhaa nafuu zaidi. Pakiti ya mbili au tatu za kawaida kutoka jina la muuzaji anayeaminika ni ununuzi mzuri, kwa sababu filta ya kabini inayobadilishwa kwa wakati ni bora kuliko ya ghali inayokaa miaka mitatu. Kinachotakiwa ni fremu isiyolegea. Zile zenye pembe za kitambaa laini hujikunja wakati wa kuingizwa kwenye mwanya mwembamba, na ikijikunja, hewa yote hupita pale palipofunguka. Chagua yenye pembe ngumu kiasi na sponji nyembamba pembeni.

Kuna tatu za kuchagua. Ya kawaida, nyeupe, huzuia vumbi na chavua, na inawatosha wengi. Yenye mkaa maalumu huongeza kunasa harufu na sehemu ya gesi za moshi wa magari. Inastahili nyongeza ya bei kwa anayekaa kwenye foleni kila siku. Haizuii monoksidi ya kaboni, kwa hiyo isikupe ujasiri wa kukaa gari likiwa linanguruma gereji iliyofungwa. Mkaa pia hushiba: vumbi linaweza kuwa bado halijajaa wakati uwezo wa kunasa harufu umeshakwisha. Na mkaa ndio mahali pa udanganyifu mkubwa katika biashara hii, kwa sababu ni rahisi kupaka kitambaa rangi ya kijivu na kukiita filta ya mkaa. Ya kweli ni nzito wazi kuliko nyeupe ya ukubwa huohuo, na ukifungua mkunjo karibu na mwanga unaona chembechembe nyeusi zilizobanwa kati ya tabaka mbili. Ikiwa ni ya kijivu sawasawa, nyepesi, bila chembe, umelipia rangi.

Ya tatu ni ile yenye neno HEPA, yaani filta ya kunasa chembe ndogo sana. Daraja la H13 katika kipimo cha Ulaya cha EN 1822 hutaka filta inase angalau asilimia 99.95 ya chembe za ukubwa ule ulio mgumu kuliko wote kunasa. Ili hewa ipite kwenye kitambaa kizito hivyo bila feni kushindwa, eneo la filta lazima liwe kubwa. Tesla Model X ya mwaka 2015 ilipewa filta ya HEPA, na ukubwa wake ulikuwa mara nyingi ya filta ya gari la kawaida. Kipande chembamba kinachoingia nyuma ya droo ya dashibodi kikiandikwa HEPA bila kutaja daraja wala kipimo, lichukulie neno hilo kama pambo la boksi. Na kama kweli ni kizito kiasi hicho, upepo wa AC utapungua tangu siku ya kwanza.

Magari mengi huweka filta hii nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Mengine huificha chini ya dashibodi karibu na miguu, na mengi ya Ulaya huiweka chini ya kioo cha mbele, ndani ya boneti. Zima feni kabla ya kuitoa, la sivyo majani yaliyokusanyika juu yake yatavutwa ndani ya feni na utasikia mkwaruzo kila uwashapo AC. Toa vitu kwenye droo, chomoa kamba au mkono unaoishikilia, bana kuta zake mbili kuelekea ndani ili vizuizi vipite, ishuke. Fungua kifuniko, vuta filta taratibu ikiwa imelala, na piga picha jinsi ilivyokaa.

Mishale sasa. Maneno AIR FLOW humaanisha mshale uelekee hewa inakokwenda. Neno UP humaanisha upande huo uwe juu, basi, halisemi chochote kuhusu hewa inakoelekea. Katika magari mengi yenye filta nyuma ya droo, hewa hushuka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mshale wa AIR FLOW hutazama chini, lakini usikisie: washa feni kwa kasi ndogo, shika kipande cha tishu kwenye mwanya uone kinavutwa wapi, kisha zima na uingize filta. Ikifungwa kinyume bado huchuja, ila tabaka hutumika kwa mpangilio usio wake na hujaa mapema.

Ukifungua ukakuta hakuna filta kabisa, si lazima iwe imeibiwa. Baadhi ya magari ya daraja la chini hutoka kiwandani na mwanya mtupu, na mengine yana kipande cha plastiki kinachopaswa kukatwa kabla ya kuweka filta na kifuniko chake. Hakikisha katalogi inaonyesha filta kwa toleo lako kabla ya kushika kisu.

Malalamiko mengi kuhusu filta nafuu za kabini yanahusu harufu ya uvundo isiyokwisha, na mara nyingi filta inaonewa. Harufu ya soksi zenye unyevu hutoka kwenye ivaporeta, kile kipande cha AC kinachopoza hewa, ambako unyevu hugeuka maji na ukungu hustawi. Isafishe kwa dawa yake, na uangalie bomba la kutolea maji. Likiziba, zulia la mbele hulowa. Filta mpya iwekwe mwisho, baada ya usafi huo. Nyingine ni vumbi kuingia hata ukiweka mzunguko wa hewa ya ndani. Filta iliyo nyuma ya droo kwa kawaida huchuja hewa ya nje na ya ndani pia, lakini iliyo chini ya kioo cha mbele mara nyingi huchuja ya nje pekee, hivyo vumbi ulilokanyaga likaingia nalo huzunguka tu.

Muda wa kubadilisha, na kile kisichookolewa

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kawaida ya injini hutajwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, ya kabini kati ya 15,000 na 20,000 au mara moja kwa mwaka. Barabara za vumbi hupunguza kiasi hicho kwa nusu au zaidi. Lakini kubadilisha mapema mno hakuongezi ulinzi. Vumbi la kwanza likishatanda juu ya karatasi, nalo huwa sehemu ya kichujio, na ufanisi hupanda kidogo; filta mpya kabisa ndiyo yenye mianya mingi kuliko itakavyokuwa baadaye. Kila ufunguapo boksi bila sababu unaweka nafasi ya vumbi kuingia. Kagua kila gari lifanyiwapo sevisi, badilisha inapojaa.

Wauzaji hupenda kuahidi kwamba filta mpya itapunguza matumizi ya mafuta. Kwa magari ya kabureta, ndiyo. Kwa magari yenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana ya mafuta hata filta ilipozibwa sana, kwa sababu kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyopo. Kilichopungua ni mwendo wa kuchapuka. Nunua filta kwa ajili ya injini kuishi, na usitarajie pampu ya mafuta ikushukuru.

Kuhusu kupuliza filta ya karatasi kwa kompresa: mgandamizo wa hewa hupanua matundu na kupasua nyuzi kwa namna isiyoonekana, na filta hurudi kwenye gari ikionekana safi huku ikipitisha vumbi. Kwa bei ya filta nafuu ya ngazi ya pili, hakuna sababu ya kujihatarisha. Ikibidi usubiri siku chache ipatikane mpya, igongegonge taratibu ikiwa imeinamishwa, upande mchafu ukitazama chini, kisha ifute fremu. Ya kabini usiioshe kwa maji. Nyingi hutegemea chaji ya umeme tuli kunasa chembe ndogo, na maji huiondoa.

Ukinunua pakiti ya kadhaa, ziache kwenye nailoni zake mahali pakavu, zikilala bapa, bila kitu kizito juu, kwa kuwa mpira wa ukingo uliobanwa miezi kadhaa hubaki umebonyea. Na unapofunga mpya, andika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe na kilomita kwenye fremu, upande wa nje wa mpira. Anayekagua gari mara nyingine, awe wewe au fundi, ataona mara moja imetembea kiasi gani, badala ya kukisia kwa rangi ya karatasi.